Usalama wa Njia ya Motokrosi na Wajibu wa Mwandaaji: Mwongozo Kamili kwa Mashindano ya Ridhaa

Anayeshiriki motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye matuta, anajua ipo siku ataanguka, na hilo amelikubali. Ambacho hajakubali ni kukanyagwa na pikipiki ya nyuma yake akiwa bado chini, kuvunjwa mbavu na nondo iliyochomekwa pembeni ili kufungia utepe, au kulala mavumbini nusu saa kwa sababu ambulensi pekee imeshaondoka na majeruhi wa kwanza. Mambo hayo matatu yako mikononi mwa mwandaaji, wala mwendeshaji hana namna ya kuyazuia.

Mwongozo huu ni wa vilabu vya ridhaa, hasa vile vinavyoazima shamba, machimbo ya kokoto au kiwanja cha maonyesho kwa wikiendi moja, badala ya kwenda kwenye viwanja vilivyokwisha kuchongwa kama Jamhuri jijini Nairobi au Garuga karibu na Entebbe. Vipimo tunavyotoa ni vya kuanzia. Kanuni za shirikisho lako zikidai zaidi, fuata zilizo kali zaidi.

Wiki 12 hadi 8 kabla: mamlaka, kibali na bima

Anza na jina moja, yaani msimamizi mkuu wa mashindano. Huyu ndiye mwenye neno la mwisho la kusimamisha mbio. Asiwe mshiriki siku hiyo, asiwe na mtoto wala ndugu anayeshindana, na asiwe mtu wa kukusanya viingilio au kuongea na wafadhili. Saa tisa alasiri, vumbi likiwa limefunga na mchuano wa mwisho ndio uliovuta watu, mwenye maslahi mengine atasema "tumalizie huu mmoja tu". Chini yake weka mkuu wa njia, mkuu wa washika bendera, daktari mkuu na mkaguzi wa pikipiki. Klabu ndogo inaweza kumpa mtu mmoja kazi mbili, ila msimamizi mkuu na daktari mkuu wasibebeshwe kazi nyingine yoyote.

Omba kibali kwa shirikisho la nchi yako: Kenya Motor Sports Federation kwa Kenya, Federation of Motorsports Clubs of Uganda kwa Uganda. Usikione kibali kama usumbufu wa karatasi. Kinakupa kanuni zilizoandikwa na wengine, na kinakupa jicho la mtu asiyeipenda njia yako kama unavyoipenda wewe uliyeichimba.

Kuhusu sheria, fomu ya kukubali hatari ina kazi yake, ila si ile ambayo waandaaji wengi wanaidhania. Inathibitisha kwamba mshiriki alielezwa hatari za mchezo. Haikufutii uzembe wako. Nchini Kenya, sheria ya Occupiers' Liability Act (Sura ya 34) inamtaka anayemiliki au kusimamia mahali achukue tahadhari ya kutosha ili mgeni awe salama, na inamtaka ategemee kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Bango la onyo peke yake halimwokoi, isipokuwa lilitosha kweli kumwezesha mgeni kuepuka madhara. Saini ya mzazi inaonyesha ridhaa ya mzazi, lakini haifuti haki ya mtoto mwenyewe. Madai ya namna hii Kenya yana ukomo wa miaka mitatu, na kwa mtoto muda huo unaweza kurefuka. Maana yake, kesi ya mtoto aliyeumia inaweza kufunguliwa miaka mingi baadaye. Mafaili ya mashindano ya watoto hayachomwi mwisho wa mwaka.

Kinachomlinda mwandaaji ni ushahidi kwamba alifikiri, alikagua na alirekebisha. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kesi ya uwanja wa Goodwood, ambako dereva alifariki mwaka 1998 baada ya kugonga tuta la udongo lililopangiwa matairi mbele. Wenye uwanja hawakutiwa hatiani, kwa kuwa kizuizi kile kilikuwa kimewekwa kwa ushauri na ukaguzi wa wataalamu. Kifo kilitokea na huzuni ilibaki, lakini uzembe haukuonekana.

Bima: bima ya kawaida ya chombo cha moto na nyingi za ajali binafsi huondoa mashindano ya mbio. Muulize wakala maswali matatu kwa maandishi na upate majibu kwa maandishi. Je, inamhusu mtazamaji aliyeumizwa na pikipiki? Je, inawahusu washika bendera wa kujitolea? Je, inahusu mazoezi ya Jumamosi, au ni mbio za Jumapili tu? Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi.

Wiki 8 hadi 4 kabla: kuchora njia

Tembeeni uwanja watu wawili, mkiwa na futi ya kupimia yenye urefu wa mita 50, vigingi na chokaa. Kwa ridhaa, mzunguko wa kilomita 1 hadi 1.6 unatosha. Upana usipungue mita 6 popote, na pale ardhi inaporuhusu uwe mita 8. Juu ya njia kusiwe na tawi wala waya chini ya mita 3, na kwenye tuta kipimo hicho kianzie pale mwendeshaji anapofika angani, si chini kwenye udongo.

Pima kasi kwa saa ya mkononi. Mzunguko wa kilomita 1.4 unaokamilishwa kwa sekunde 100 na mwendeshaji hodari ni wastani wa kilomita 50 kwa saa, na kwa klabu hiyo ni kasi ya kutosha. Ikifika 60, ongeza kona. Usiongeze tuta kubwa ukidhani linapunguza mwendo, maana waoga watapunguza na majasiri watakoleza, na tofauti ya kasi kati yao ndiyo inayoleta migongano.

Mwanzo wa mbio ndipo pikipiki zote ziko pamoja, basi patendee kwa heshima yake. Kila pikipiki ipate mita 1 ya upana kwenye geti, yaani kizuizi kinachoangushwa ili mbio zianze, kwa hiyo geti la watu 20 ni mita 20. Geti liangukie upande wa mwendeshaji, ili anayetangulia kuondoka azuiwe nalo badala ya kulivuka. Toka geti hadi kona ya kwanza iwe mita 80 hadi 125 zilizonyooka. Kwa watoto wanaoendesha pikipiki zenye injini ya 50cc na 65cc, mita 60 zinatosha. Njia ibane taratibu, na ifikie upana wake wa kawaida baada ya kona ya kwanza, si kabla wala ndani yake. Kati ya geti na kona hiyo kusiwe na tuta lolote. Nje ya kona hiyo acha mita 10 wazi kabisa: hakuna mpiga picha, hakuna bango la mdhamini, hakuna gari la matangazo.

Sehemu mbili za njia zinazokwenda sambamba ziachane mita 5 au zaidi. Tuta lisielekee upande wa njia jirani, kwa sababu pikipiki iliyopoteza mwelekeo angani hutua pale ilipokuwa ikitazama. Mti ulio ndani ya mita 5 kutoka ukingoni, au mita 10 nje ya kona, una majibu matatu: hamisha njia, ondoa mti, au uzungushie marobota ya nyasi makavu. Hamisha njia kwanza. Mwisho piteni na toroli mkiokota kila jiwe linalozidi ngumi. Jiwe linalorushwa na tairi la nyuma huvunja miwani na meno.

Matuta

Hapa ndipo vilabu vingi hukosea, na hesabu inaonyesha kwa nini. Pikipiki inayoruka kwa pembe ya nyuzi 20 ikiwa na kasi ya kilomita 50 kwa saa husafiri angani karibu mita 12.6 kabla ya kurudi kwenye kimo ilichorukia. Kwa kilomita 60 husafiri mita 18.2. Kilomita 10 tu za mwendo zimeongeza zaidi ya mita 5. Sasa fikiria matuta mawili yenye shimo katikati, tuta la kutua likiwa mita 13 kutoka la kurukia. Anayekuja na 50 anagusa ukingo wa mbele wa tuta la pili. Anayekuja na 45 anaanguka shimoni. Anayekuja na 60 anapita juu ya mteremko na kutua kwenye ardhi bapa, na nguvu yote inaingia kwenye vifundo vya miguu, viganja na uti wa mgongo. Mashindano ya ridhaa yana watu wa kasi zote tatu ndani ya mchuano mmoja.

Jibu ni tuta bapa: sehemu ya kupandia, juu kumejazwa udongo na kusawazishwa kama meza, kisha mteremko mrefu wa kutua. Anayepungukiwa anatua juu ya meza na kuendelea. Jenga hivi:

1. Kimo mita 1.5 hadi 2 kwa watu wazima, na mita 0.8 hadi 1 kwa watoto wa 65cc. Juu iwe bapa kwa mita 8 hadi 12.
2. Sehemu ya kupandia iwe na pembe moja toka chini hadi juu. Ncha iliyopinda kwenda juu hupiga tairi la nyuma na kumrusha mwendeshaji kichwa mbele.
3. Mteremko wa kutua uwe mrefu mara moja na nusu ya sehemu ya kupandia, na mpana kuliko hiyo kwa mita 1 kila upande, kwa sababu watu hutua wakiwa wamekwenda kando.
4. Shindilia kila sentimita 20 za udongo kwa greda au kwa magurudumu ya trekta kabla ya kuongeza tabaka jingine. Tuta lililorundikwa kwa mkupuo mmoja hufanya mtaro kwenye ncha kufikia mchuano wa tatu.
5. Acha mita 30 zilizonyooka baada ya kutua kabla ya kona.

Matuta yenye shimo katikati usiyaweke kwenye njia ya ridhaa. Yakiwa yamerithiwa kutoka uwanja wa zamani, jaza lile shimo. Hilo ni pendekezo letu kwa klabu yoyote inayokubali washiriki wa mara ya kwanza, na hatuoni sababu ya kulilegeza.

Pembeni mwa njia: vigingi, kamba na watazamaji

Alama za ukingo ziwe vigingi vya mbao laini vinavyovunjika kwa teke, visivyozidi sentimita 50 juu ya ardhi. Nondo, mabomba ya chuma na seng'enge visionekane ndani ya mita 10. Mianzi nayo iache, kwa sababu ikivunjika huacha ncha kali kama mkuki. Matairi yaliyojazwa udongo ni ukuta. Matairi matupu yaliyofungwa pamoja yanafaa kuashiria kona. Marobota ya nyasi yanafaa yakiwa makavu, lakini yakinyeshewa usiku mzima hugeuka gogo, hivyo yafunike kwa turubai au yabadilishwe asubuhi.

Kamba inahitaji maelezo zaidi. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza kesi iliyotokana na mbio za magari makuukuu ya ridhaa huko Gloucestershire. Gurudumu la gari lilinasa kamba ya usalama. Kamba zile zilikuwa zimeunganishwa kwenye kigingi kikuu kimoja, basi mvuto ule ukang'oa vigingi na kumrusha hewani mtu aliyesimama karibu na kigingi, umbali wa theluthi ya maili kutoka gari lilipokuwa. Alifariki. Waandaaji waliponea kwenye mabango ya onyo yaliyokuwapo, lakini tangu 1977 sheria ya huko hairuhusu shughuli ya kibiashara kujivua kwa bango dhidi ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe.

Kwa hiyo utepe wa kuzuia watu uwe wa plastiki unaokatika kwa mkono. Kata vipande vya mita 20, kila kipande kifungwe kivyake, na ncha za vipande jirani zisigusane wala kushiriki kigingi. Kamba ya mkonge au ya nailoni isitumike karibu na njia hata kidogo.

Weka mistari miwili: ukingo wa njia na uzio wa watazamaji, katikati pakiwa patupu. Nafasi hiyo iwe mita 5 kwenye sehemu iliyonyooka, na mita 15 nje ya kona na pande zote za eneo la kutua. Watazamaji wapelekwe upande wa ndani wa kona au kwenye kilima, maana pikipiki haipandi kirahisi mlima ikiwa haina mtu. Vichochoro vya wanakijiji vinavyokatiza njia vitafutwe mapema kwa kuzungumza na mwenyekiti wa mtaa au chifu, kisha kila kimoja kiwekewe mtu wa kukifunga. Mbuzi hasomi bango. Na waendesha bodaboda waliobeba abiria hukata njia wakidhani mchuano umeisha kwa sababu pamekuwa kimya kwa dakika mbili.

Udongo na maji

Vumbi si kero tu. Anayemfuata mwenzake kwa kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 kila sekunde. Asipoona, anasafiri kwa kubahatisha. Njia ya kilomita 1.5 yenye upana wa mita 7 ni mita za mraba 10,500. Lita 2 kwa kila mita ya mraba ni lita 21,000, yaani zaidi kidogo ya safari mbili za boza la lita 10,000. Chimbua juu sentimita 10 hadi 15 Ijumaa, mwagia Ijumaa jioni ili maji yanywewe usiku, mwagia tena Jumapili alfajiri, kisha nusu ya kiasi hicho wakati wa chakula cha mchana. Usimwagie sehemu ya kupandia matuta ndani ya saa moja kabla ya mchuano. Udongo mwekundu wa tifutifu husamehe. Udongo mweusi wa mbuga hausamehe, kwani ukizidisha maji unakuwa sabuni, na ukipunguza unapasuka mapande.

Kipimo cha kusimamisha mbio: mshika bendera wa kituo kimoja asipouona wazi mkono wa mwenzake wa kituo kinachofuata, mchuano usianze.

Washika bendera

Simama nyuma ya tuta bapa lenye kimo cha mita 2, kwenye mteremko wa kutua, kisha chuchumaa. Huoni anayekuja. Naye hakuoni mpaka awe angani, na akiwa angani hana breki wala usukani. Aliyeanguka hapo analindwa na kitu kimoja tu, kitambaa cha njano mkononi mwa mtu aliyesimama mahali sahihi.

Mahali sahihi ni kando ya tuta, karibu na mwanzo wa sehemu ya kupandia, nje ya mstari wa kuruka, pale ambapo jicho moja linaona eneo lote la kutua na bendera inaonekana na mwendeshaji mita 40 kabla. Kwa kilomita 60 kwa saa, mtu hutumia karibu mita 25 kutambua na kuitikia kabla ya kugusa breki, na mita zinazobaki ni za kupunguza. Pasipopatikana mahali pamoja penye sifa zote mbili, weka watu wawili: mmoja anatazama kutua, mwingine anapeperusha.

Kila tuta lina kituo chake, na kila kona isiyoonekana kutoka kituo jirani vilevile. Njia ya kilomita 1.4 yenye matuta 6 huhitaji vituo 8 hadi 10. Kila kituo kiwe na watu wawili wenye miaka 18 na zaidi: mmoja habanduki na bendera, mwingine humwendea aliyeanguka. Kosa linalorudiwa kila mahali ni mshika bendera peke yake kuitupa bendera na kukimbia kumwinua mwendeshaji. Kwa kufanya hivyo anageuka mtu wa pili wa kugongwa. Akiwa peke yake, kazi yake ni bendera, hata kama aliyeanguka analia.

Vifaa vya kituo: bendera ya njano, ya buluu, nyekundu na nyeupe yenye msalaba mwekundu, zote za sentimita 75 kwa 60, redio ya mkononi yenye betri ya akiba, filimbi, namba ya kituo iliyoandikwa kubwa, maji lita 3, mwavuli au kivuli, na mfuko wa mchanga kwa mafuta yaliyomwagika. Fulana za kazi ziwe za rangi ya machungwa. Za njano huonekana kwa mbali kama bendera ya njano, na baada ya mizunguko miwili waendeshaji huanza kupuuza rangi hiyo.

Maana za bendera zifundishwe kwa vitendo, si kwa karatasi:

- Njano inayopeperushwa: hatari. Punguza mwendo, usipite mtu, usiruke. Pita juu ya tuta magurudumu yakiwa chini hadi uvuke tukio.
- Nyeupe yenye msalaba mwekundu: wahudumu wa afya wako njiani. Masharti ni yaleyale.
- Nyekundu: mbio zimesimama. Rudi polepole eneo la kusubiri.
- Buluu: anayekuzidi mzunguko anakuja, shika mstari wako.
- Mirabaraba nyeusi na nyeupe: mwisho.

Nyekundu hutolewa kwa amri ya msimamizi mkuu peke yake, kupitia redio, na vituo vyote kwa pamoja. Kituo kimoja kikitoa chenyewe, nusu ya waendeshaji husimama na nusu huja kwa kasi nyuma yao.

Anayeruka chini ya njano aondolewe kwenye mchuano huo, bila onyo la kwanza. Adhabu hii isipotekelezwa kwenye mchuano wa asubuhi, mchana njano haitakuwa na maana tena. Badilisha washika bendera kila baada ya saa mbili, walishwe, na simu zao zikae kwa mkuu wao.

Tiba

Ambulensi mbili. Moja ikiondoka na majeruhi, ya pili inabaki na mbio zinaendelea. Nayo ikiondoka, mbio zinasimama hadi mojawapo irudi. Gari la klabu lenye godoro nyuma si ambulensi. Ndani kuwe na oksijeni, kifaa cha kufyonza mate na damu, kifuko cha kusaidia kupumua, kola za shingo za saizi tatu, machela ya kugawanyika, mbao za kuzuia paja lililovunjika, na mkanda wa kukaza mshipa unaovuja damu. Lenga mhudumu amfikie majeruhi popote ndani ya dakika 3. Jaribu kwa saa siku moja kabla, ambulensi ikiendeshwa hadi kituo cha mbali zaidi kupitia njia ya pembeni, isiyoingia kwenye njia ya mbio. Lango la kutokea lisiegeshwe gari hata kwa dakika moja.

Wiki moja kabla, daktari mkuu apige simu hospitali na kuuliza: mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya kichwa, inafanya kazi Jumapili? Daktari wa upasuaji yuko zamu? Kituo cha afya cha karibu kisicho na mambo hayo ni kupoteza muda kwa mtu aliyeumia kichwa.

Kofia haivuliwi uwanjani ila njia ya hewa ikiwa imeziba, na wanaoivua ni watu wawili waliofunzwa, mmoja akishika shingo muda wote. Washika bendera waambiwe hivyo waziwazi, kwa sababu silika ya kila mtu ni kumvua mwenzake apate hewa. Aliyepoteza fahamu hata kwa sekunde, aliyechanganyikiwa, anayetapika au asiyekumbuka mzunguko uliopita, siku yake imeisha. Daktari achukue kofia na namba ya pikipiki, kwa sababu mwendeshaji ataapa kwamba yuko sawa, na baba yake ataapa pamoja naye.

Ukaguzi wa pikipiki

Dakika 4 kwa kila pikipiki zinatosha. Angalia eksileta irudi yenyewe ikiachiwa, usukani ukiwa umepindwa pande zote mbili. Swichi ya kuzima injini ifanye kazi. Ncha za mikono ya klachi na breki ziwe na kidonge cha mviringo kisichopungua milimita 16. Ncha za usukani zizibwe, na futresti zikunjike na kurudi kwa springi. Kuwe na kinga ya sproketi ya mbele. Njiti za rimu zigongwe kwa spana moja baada ya nyingine, maana iliyolegea hutoa sauti butu. Beringi za magurudumu zitikiswe. Kofia iwe na alama ya kiwango cha usalama cha ECE 22.05 au 22.06 na isiwe na ufa. Viatu virefu, miwani, glovu na kinga ya kifua ni lazima kwa wote. Mafuta hujazwa injini ikiwa imezimwa, penye mtungi wa kuzimia moto wa kilo 6.

Usichanganye madaraja ili kuokoa muda. Mtoto wa 50cc na kijana wa 85cc kwenye njia moja ni tofauti ya uzito na kasi ambayo bendera haiwezi kuisahihisha.

Siku yenyewe

Saa 12:30 asubuhi, msimamizi mkuu na mkuu wa njia watembee mzunguko wote kwa miguu wakiwa na orodha, wakipiga picha kila tuta na kila kona. Kila kasoro iandikwe, na saa iliporekebishwa iandikwe pembeni. Saa 1:30, usajili na ukaguzi. Saa 2:30, mkutano wa waendeshaji ambao kuhudhuria ni lazima: jina lisilojibu halipandi. Hapo bendera zinapeperushwa mbele yao, mzazi wa kila mtoto akiwepo. Saa 3:00, jaribio la redio kituo kwa kituo, kisha mazoezi, mizunguko mitatu ya kwanza ikiwa ya polepole bila kuruka. Ndani ya njia kusiwe na zaidi ya mwendeshaji mmoja kwa kila mita 50. Njia ya kilomita 1.5 inabeba 30.

Kabla ya kila mchuano, vituo vyote vijibu "tayari" kwa namba, na daktari ajibu mwisho. Kibao cha sekunde 15, kisha cha 5, na geti lianguke kati ya sekunde 5 na 10 baada ya hapo. Mbio zikisimamishwa kabla ya mizunguko miwili kutimia, anza upya. Baada ya kila michuano mitatu, tuma greda au watu wenye majembe kujaza mitaro kwenye matuta. Ratiba iwe na dakika 20 za kazi hiyo, la sivyo haitafanyika.

Ajali kubwa ikitokea

Nyekundu, pikipiki zote nje, wapiga picha nje. Mtu mmoja aliyepangwa tangu asubuhi akae na familia, asiongee kuhusu nani ana kosa. Washika bendera wa kituo husika waandike walichoona kabla hawajazungumza wao kwa wao: saa, namba ya pikipiki, bendera ilitoka lini, nani alipita. Polisi na shirikisho waarifiwe siku hiyohiyo, na bima kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Pikipiki na kofia vifungiwe chumbani, visirudishwe kwa mwenyewe wala kuoshwa mpaka wachunguzi waseme.

Fomu, orodha ya ukaguzi, picha za asubuhi, majina ya washika bendera na vituo vyao, na kumbukumbu za redio viingie kwenye faili moja, nakala ya pili ikae kwa mtu mwingine. Jumatatu, kabla mwenye shamba hajaleta trekta kusawazisha, rudi kwenye tuta lilipotokea ajali na ulipige picha kutoka pande nne, futi ya kupimia ikionekana ndani ya picha. Likishalimwa, hakuna atakayeweza kusema lilikuwa na kimo gani.